Tarehe ya dozi ya pili iwe inaweza kuletwa mapema

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, na nina miaka 60. Tarehe 6 Aprili mwaka huu wa 2021, baada ya serikali kuturuhusu sisi tuliopita miaka 58, nilifunga cherehani nikaenda na mzee wangu tukachomwa sindano ya kwanza ya chanjo ya korona, ile ya AstraZeneca. Sista, yaani muuguzi, alituandikia kwenye kadi turudi tarehe 1 Juni. Hakukumbuka kwamba hiyo ni sikukuu ya Madaraka, tena mwaka ambao sherehe zenyewe zilikuwa zinakuja kwetu Kisumu. Kabla siku haijafika tukaambiwa dawa imepungua kwa sababu India imezuia kuiuza nje ili kwanza ichanje watu wake. Wiki nane zikawa kumi na mbili. Tarehe ikakatwa kwa kalamu, ikaandikwa 29 Juni.

Hapo katikati, mwezi Mei, figo za mzee zilikataa kazi. Sasa anasafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Ukitazama kalenda, Mhariri, 29 Juni ni Jumanne. Mtu wa mashine hakosi siku yake. Akikosa, mwili unajaa maji, pumzi inakuwa ya shida, na usiku huo hakuna anayelala nyumbani.

Jumatano tarehe 16 Juni nikampeleka mapema, nikaomba achanjwe siku hiyo, kwa kuwa wiki kumi zilikuwa zimeshapita. Sista aliyekuwa mezani akasoma kadi, akanirudishia. "Mama, tarehe yenu bado." Nikamweleza habari ya mashine. Akasema hana ruhusa ya kugeuza tarehe, na kwamba tukiikosa hiyo 29 tusubiri tutakapopangiwa nyingine. Sikumlaumu, maana alikuwa peke yake tangu asubuhi na foleni ilikuwa imefika hadi langoni.

Kilichoniuma ni nilichokiona nikiwa bado kwenye benchi, mzee akipumzika kabla ya kupanda tuktuk. Kichupa kimoja cha dawa hii ni cha watu kumi, na kikishafunguliwa lazima kiishe ndani ya saa sita, la sivyo kinamwagwa. Jioni ile kichupa cha mwisho kilifunguliwa wakiwapo watu saba. Sista akatoka nje mara mbili kuuliza kama kuna mwenye tarehe ya leo. Hakukuwapo. Mimi na mzee tulikuwa pale, kadi mkononi. Kando yetu alikuwapo baba mmoja kutoka Nyakach, naye wiki zake ni kumi kama sisi. Sote watatu tukaondoka, dozi tatu zikabaki.

Kesho yake nikarudi. Safari hii nilimkuta sista mwingine. Yeye hakuanza na tarehe iliyoandikwa, alihesabu wiki kwa vidole kuanzia ile sindano ya kwanza. Akasema Shirika la Afya Duniani linapendekeza kati ya wiki nane na kumi na mbili, kwa hiyo mzee hajavunja utaratibu wowote. Akamchoma, akanichoma na mimi. Hatukukaa hata dakika tano mezani. Sasa najiuliza kwa nini haki ya mgonjwa itegemee ni nani aliyekaa mezani siku hiyo.

Najua wataalamu wanasema dozi hizi zikiachana kwa muda mrefu kidogo kinga inakuwa nzuri zaidi, na mwenye nafasi ya kungoja angoje. Lakini hiki kirusi cha korona cha aina ya Delta, kilichotoka India, kilionekana hapa hapa Kisumu mwezi Mei. Uingereza ilipotazama takwimu zake mwezi huo, iliona dozi moja inakinga kwa asilimia 33 tu dhidi ya kirusi hicho, na mbili za AstraZeneca kwa asilimia 60. Na kwa kukihofia, mwezi huo huo wenyewe walirudisha wiki kumi na mbili kuwa nane kwa waliopita miaka 50. Na sisi, kaunti 13 za huku, tumefungiwa mwezi huu wa Juni 2021 kwa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mzee wangu hawezi kujifungia ndani. Mara mbili kwa wiki anakaa saa nne katika chumba kimoja na wagonjwa wengine.

Ninachowaomba wakuu wa afya wa kaunti ni daftari. Kila kituo kiwe na daftari la majina na nambari za simu za waliomaliza wiki nane na wana sababu ya kutaka kuja mapema, awe mgonjwa, msafiri au mlezi wa mgonjwa. Kichupa kikifunguliwa na watu hawatoshi, wapigiwe simu wa karibu waje. Na masista wapewe barua inayowaruhusu, wasiogope kuulizwa. Ule ujumbe wa simu unaoleta tarehe nao uwe na namna ya kujibiwa, maana wetu ulitufikia tu, hatukuwa na pa kusema kwamba Jumanne ni siku ya mashine.

Yule baba wa Nyakach alisema nauli ya kurudi tena hana mpaka mwisho wa mwezi. Kadi yake imo katika vitabu vya kituo kile, na nambari yake ya simu imeandikwa. Naomba apigiwe.

Fundi wa nguo,
Kibuye, Kisumu