Wakala wa kituo anafaa kufunzwa mapema, si usiku wa kuamkia uchaguzi

Kwa Mhariri,

Mjadala wa uchaguzi wa Agosti 10, 2027 umejaa mambo ya Nairobi. Redioni asubuhi ni makamishna, jioni ni seva, na hata hapa Kaloleni kwenye vijiwe vya kahawa, watu wanabishana juu ya mitambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Siwalaumu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, na nchi iliyozika watu wake baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ina haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini mimi nimesimamia kituo cha kupigia kura, na nasema kwa yakini kwamba kura ya urais huhesabiwa darasani, usiku, mbele ya watu wachache waliochoka. Vyama vinavyoogopa kuibiwa vielekeze nguvu huko, kwa mawakala wanaowawakilisha wagombea chumbani humo, na vianze sasa.

Sheria yenyewe imelipa darasa hilo uzito. Mwaka 2017, katika kesi ya mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho na makao makuu ya Tume hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Matokeo hayo ya eneo bunge nayo hutoka kwenye Fomu 34A, ile inayojazwa kituoni. Septemba 1 mwaka uo huo, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8, moja ya hoja kubwa ilikuwa kwamba mshindi alitangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika. Kufikia 2022 mambo yalikuwa yamebadilika sana. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kufungua ya kituo chake na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vijana wetu walikesha wakijumlisha wenyewe. Nililifurahia jambo hilo kuliko hotuba yoyote ya kampeni.

Ila picha ya fomu inaonyesha kilichoandikwa tu. Kama kilichoandikwa ndicho kilichokuwa kwenye sanduku, hilo analijua aliyekuwepo wakati wa kuhesabu. Ndiyo maana sheria ikavipa vyama na wagombea nafasi ya kuweka wakala ndani ya chumba.

Saa kumi na moja jioni mlango unafungwa, ingawa aliyekwisha kupanga foleni atapiga kura yake. Kisha sanduku la rais linafunguliwa. Msimamizi anatoa karatasi moja moja, anataja jina, anaigeuza mawakala wote waione, ndipo inawekwa kwenye fungu lake. Inachosha, na baada ya hapo yanangoja masanduku mengine matano. Nakumbuka binti mmoja, wakala wa mgombea ambaye hata hakuwa na nguvu eneo letu. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari, anachora vijiti vinne na cha tano anakikata, safu kwa kila jina. Ikatoka karatasi ambayo alama yake ilikuwa imevuka mstari na kugusa kisanduku cha pili. Mawakala wawili wakapaza sauti ikataliwe. Yeye akaomba taa isogezwe, akatuonyesha kwamba mpiga kura alianza alama ndani ya kisanduku cha juu na mkono ukateleza. Kanuni zinasema nia ya mpiga kura ikionekana wazi, kura isikataliwe kwa sababu ya alama kukaa vibaya tu. Ilihesabiwa, na haikuwa ya mgombea wake.

Tulipomaliza, fungu moja halikulingana na vijiti vyake. Akaomba irudiwe, na wakala ana haki hiyo, mradi isizidi mara mbili. Karatasi mbili zilikuwa zimeshikana.

Sasa linganisheni na wengine waliokuwa chumbani. Mmoja alifika saa tatu asubuhi bila barua ya uteuzi, akakaa nje mpaka chama chake kilipoileta mchana. Mwingine alikuwa hajala tangu alfajiri, na kura zilipoanza kuhesabiwa alilala kichwa kikiwa juu ya dawati. Wa tatu alitaka kutia saini fomu ikiwa bado tupu ili awahi pikipiki ya mwisho, nilimkatalia. Hawa hawakuwa watu wabaya. Waliitwa usiku wa kuamkia uchaguzi, wakaahidiwa posho, hawakuelezwa chochote. Halafu wagombea wao wakienda mahakamani wana siku saba tu za kuwasilisha kesi ya urais, na majaji wana siku kumi na nne za kuamua. Ushahidi watautoa wapi, kama mtu wao alikuwa amelala?

Naviomba vyama viteue mawakala wa kila kituo miezi kadhaa kabla, viwafunze kuisoma fomu mstari kwa mstari, na barua zao ziwe mikononi mapema. Wajue kwamba asiyeridhika anaweza kukataa kutia saini, lakini aandike sababu, kwa kuwa kukataa tu hakubatilishi matokeo. Wajue pia kwamba nakala ya fomu ni haki yao, na waikague palepale kabla ya kuikunja, maana nakala za chini ya kaboni huwa hafifu na tarakimu 3 huweza kusomeka 8. Posho yao ilipwe, na chakula kifike jioni.

Kwa Tume nina ombi moja. Nakala ya fomu inayobandikwa mlangoni huko kwetu haimalizi siku mbili. Upepo wa baharini, mvua, watoto, na mara nyingine mkono wa mtu mzima, vinaiondoa mapema, wakati muda wa kwenda mahakamani haujaisha. Ifunikwe plastiki, ibandikwe juu mtoto asikofika, na nakala nyingine ikae kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, mwanakijiji akitaka kuisoma asomewe, hadi kesi zote za urais ziamuliwe. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mitambo tunayobishania kila siku.

Mwalimu mstaafu,
Kaloleni, Kilifi