Malalamiko kuhusu prosesa ya video isiyotambua 240p

Mtaa wa Langoni,
Lamu.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

MINT: PROSESA NILIYOUZIWA SIYO MLIYOITANGAZA

Bwana Meneja,

Mwezi uliopita nilinunua kwenu prosesa ya video, kifaa cha kugeuza picha ya mashine ya zamani ya michezo ifae runinga bapa, kwa shilingi 14,500. Ilikuja kwa basi hadi Mokowe, nikalipa tena boti ya kuivusha hadi kisiwani. Niliitaka kwa sababu moja tu: sandukuni mmeandika kwamba inatambua picha ya 240p, yaani picha kamili yenye mistari 240 tu. Haitambui.

Nina mashine ya michezo, PlayStation ya kijivu, ambayo ami yangu, baharia, aliileta kutoka Japani mwaka 1996. Miaka yote tuliichezea kwenye runinga ya chogo, mpaka chumvi ya bahari ikaila runinga ile ndani kwa ndani. Kwenye runinga bapa, kwa waya wa njano, rangi zilichujuka na maandishi hayakusomeka. Ndipo nikatafuta waya wa RGB, unaopitisha rangi nyekundu, kijani na samawati kila moja kivyake, na kifaa chenu.

Mashine hii, katika michezo yake mingi, hutoa picha kamili ya mistari 240 takriban mara 60 kwa sekunde. Kifaa chenu huihesabu kila picha kuwa nusu ya picha kubwa zaidi, kisha huchukua mbili zinazofuatana na kuzisuka ziwe moja ya mistari 480. Basi kitu kikienda mbio, kingo zake huchanika kama meno ya kitana. Mhusika akipigwa, mchezo humwonyesha na kumficha kwa zamu ili mchezaji ajue ameumia; kwangu mimi hafichiki wala haonekani sawasawa, hubaki na michirizi mwili mzima.

Tena kinachelewa. Nikibonyeza kuruka, mhusika huruka shimo likiwa limeshamla. Prosesa ya kuzidisha mistari, kama OSSC, haingoji picha nzima: hupokea mstari na kuurudia papo hapo. Chenu hungoja picha mbili ndipo kisuke.

Fundi wenu aliniambia kwa simu kuwa runinga yangu ndiyo mbovu. Nimekijaribu kwenye runinga tatu, yangu, ya dada na ya jirani, na meno ni yale yale. Akasema nikiweke kitoe 1080p, picha ya mistari 1080. Hayo ni mambo ya picha inayotoka kifaani kwenda runingani. Mimi nalalamikia inayoingia kutoka kwenye mashine, na nilikuwa nimemweleza hivyo kabla hajamaliza kusema. Iliniuma sana.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nayo. Maneno ya sandukuni yalinipa habari ya uongo. Naomba mnirudishie shilingi 14,500 pamoja na gharama ya mzigo na boti, na neno 240p liondolewe sandukuni kabla mtu mwingine hajalipa. Kifaa nimekifunga na nyaya zake zote, nangoja mnieleze nikitume kwa njia gani. Nakala ya risiti imo ndani ya bahasha hii.

Mteja wenu,
Lamu.