Lipimwe kwanza, zege lifuate

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie jengo la soko na makazi lililokwama katikati ya ujenzi mtaani kwetu hapa Mtwara mjini. Chini lilikusudiwa kuwa duka kubwa la vyakula pamoja na vizimba vya samaki na mboga, na juu yake ghorofa tano za makazi. Nguzo na majamvi, yaani sakafu za zege, yamefika ghorofa ya tatu, basi. Sasa tetesi zimezagaa kwamba msimu wa korosho ukiisha ataingia mkandarasi mpya. Watu wamefurahi, na wana haki, maana kina mama bado wanapanga kisamvu na dagaa chini, juani, hatua chache kutoka kwenye kivuli cha jamvi wasiloweza kulitumia. Sisi tulio katika kazi za ujenzi tunaomba jambo moja: isimwagwe hata ndoo moja ya zege jipya kabla ya lile la zamani kupimwa na majibu kubandikwa hadharani.

Anayepita njiani huona mifupa ya jengo akadhani kazi kubwa imekwisha. Sivyo. Kuta, mabomba, umeme, lifti, madirisha, vigae na maji taka ndivyo vinavyomeza fedha, na hapo ndipo majengo mengi yaliyoanza wakati wa homa ya gesi yalipokwama. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, wageni waliokuwa wakitafuta nyumba wakaondoka, na hesabu za kodi zilizopigwa miaka miwili nyuma hazikusimama tena. Mradi unaotegemea malipo ya awali ya wanunuzi kulipia nguzo hubaki bila kitu siku wanunuzi wanapoacha kulipa. Na mnunuzi wa huku hulipa kwa msimu. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa, haikuwa rahisi kwa mkulima kukumbuka awamu ya malipo ya nyumba.

Lakini fedha ikipatikana leo, chuma hakitarudi kilivyokuwa. Tazameni ncha za nondo zilizoachwa juu ya nguzo kusubiri ghorofa inayofuata. Zimekaa wazi miaka yote, zikipigwa na kusi na kaskazi, na upepo wa pwani yetu umebeba chumvi. Ukiisugua nondo kwa brashi ya waya, magamba yanadondoka kama maganda ya kitunguu, na chini yake kuna vishimo. Nondo ya kipenyo cha milimita 16 ikikatwa, uso wa mkato una eneo la milimita za mraba 201. Ikiliwa ikabaki milimita 14, eneo linashuka hadi 154, yaani karibu robo ya nguvu imekwenda na kutu, ilhali kwa macho bado inaonekana nondo nzima. Ndiyo maana kipimo kifanywe kwa venia, kifaa cha kubana na kusoma kipenyo, baada ya kusugua. Nyingine zimekatwa kabisa na wauza vyuma chakavu, zimebaki vipande vya urefu wa kiganja. Kuunganisha nondo ya milimita 16 kunahitaji zilaliane kipenyo mara 40 hadi 50, maana yake sentimita 64 hadi 80. Kipande cha kiganja hakiungiki. Hapo ni kutoboa nguzo, kupuliza vumbi lote litoke, kisha kupandikiza nondo mpya kwa gundi maalumu kwa kina atakachokokotoa mhandisi. Vumbi likibaki ndani ya tundu, gundi hushika vumbi na nondo hung'oka.

Ndani ya zege nako kuna mambo. Kutu hujaa nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo hulisukuma zege hadi lipasuke. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la kahawia, ni alama ya ugonjwa huo, na kuupaka lipu ni kuuficha tu. Kwenye majengo ya karibu na bahari, zege linalofunika nondo linapaswa kuwa milimita 40 au zaidi. Fundi aliyesahau vitofali vya kunyanyulia nondo huacha 15. Ukiongeza mchanga wa ufukweni usiooshwa na maji ya kisima chenye chumvi, adui amekaribishwa ndani tangu siku ya kwanza.

Vipimo vyenyewe si siri. Cha kwanza ni nyundo ya kupima ugumu wa uso wa zege. Ni ya haraka, lakini isiaminiwe peke yake: zege likizeeka hewani uso wake hugumu, nyundo ikasoma namba kubwa kuliko hali ya ndani. Cha pili ni kukata vipande vya mviringo, mara nyingi vya kipenyo cha milimita 100, visivyopungua vitatu kwa kila eneo, na kuvivunja maabara. Kanuni inayotumika sana inataka wastani wake ufikie asilimia 85 ya nguvu iliyoandikwa kwenye michoro, na kisiwepo hata kimoja chini ya asilimia 75. Mhandisi achague pa kukata, asiachiwe mkandarasi, kwa sababu kila mtu anaijua nguzo yake nzuri. Cha tatu ni dawa ya fenolftalini: inapuliziwa kwenye zege lililovunjwa muda huohuo. Palipogeuka waridi chuma bado kinalindwa, mradi chumvi haijaingia. Pasipobadilika rangi kinga imekwisha. Cha nne ni unga wa zege unaotobolewa kwa kina tofauti na kupimwa chumvi. Hiki ndicho huachwa ili kubana gharama, na kwa Mtwara ndicho tusichoweza kukubali kiachwe.

Baada ya hapo, wakadiriaji majenzi, yaani wapimaji wa kiasi na gharama za kazi, wa pande zote wapime kwa pamoja kilichopo: nguzo ngapi, jamvi mita za mraba ngapi, nondo ipi ibadilishwe. Waraka huo usiposainiwa kabla ya kazi kuanza, ufa wa kwanza ukitokea mkandarasi mpya atamsingizia wa zamani, na mwenye jengo atalipa mara mbili.

Tunashauri pia sehemu ya chini ikamilishwe na kufunguliwa kwanza. Kodi ya duka na vizimba itaingiza fedha ya kuendeleza juu, na mtaa utapata soko. Hata hivyo, kufungua chini huku juu wanajenga kunataka nidhamu. Jamvi la kwanza lizibwe lisivuje. Winchi na ngazi za mafundi ziwe upande wa nyuma na lango lake. Uwekwe uchaga imara wa kuzuia vitu vinavyoanguka juu ya milango ya wanunuzi. Michoro ya mabomba nayo itazamwe upya. Bomba la choo cha nyumba ya juu likipita juu ya meza ya samaki, siku litakapovuja bwana afya atafunga soko zima. Yahamishiwe kwenye kuta za nje. Maji ya kuoshea samaki yapite kwenye chemba ya kunasa mafuta na magamba kabla ya kufika kwenye shimo la maji taka, la sivyo shimo litaziba mapema sana.

Matanki ya maji yahesabiwe, yasikisiwe. Nyumba 24 zenye watu watano kila moja, kwa lita 80 kwa mtu, ni lita 9,600 kwa siku. Akiba ya siku mbili ni karibu lita 20,000, yaani tani 20. Uzito huo ukipandishwa kwenye paa la mifupa ambayo haijapimwa, ni hatari tupu. Matanki makubwa yakae ardhini, juu lipandishwe dogo la kusukumia maji.

Kwa waliokwisha kulipa: Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo ya 2008 inaruhusu kila nyumba kuwa na hati yake, lakini stakabadhi ya malipo si hati. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi mjue kama kiwanja kimewekwa rehani benki, maana rehani iliyosajiliwa haiondoki kwa sababu ninyi mmelipa. Na kabla ya kuongeza shilingi yoyote, daini malipo mapya yaende akaunti ya peke yake, yatoke tu kwa hati ya kazi iliyopimwa na kusainiwa na mhandisi.

Hata kama mkandarasi hataingia mwaka huu, yapo ya kufanywa kabla mvua za Desemba hazijafika, tena kwa gharama ndogo. Jamvi la juu ni kama mita 20 kwa 30. Mvua ya milimita 50 huacha juu yake lita 30,000, zinazoteremkia kwenye shimo la lifti na kuzaa mbu hadi Mei. Yawekwe matundu ya muda yenye bomba la inchi nne, na shimo hilo lifunikwe. Ncha za nondo zisuguliwe na kupakwa uji mzito wa saruji. Mirunda iliyoliwa na mchwa ishushwe kwa usimamizi wa mhandisi. Na ngazi izibwe kwa tofali hadi juu, kwa sababu watoto wanapanda kurusha tiara ghorofa ya tatu, pasipo na ukingo.

Ni sisi,
Mafundi na wakadiriaji majenzi,
Mtwara mjini