Msituvunjie Ngamiani, mbaya ni hiyo lipu ya saruji

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Juzi hapa mlitoa barua ya msomaji mwenzetu anasema nyumba za udongo za Ngamiani, hapa Tanga mjini, zimechoka, zivunjwe zote, na kijana mwenye akili zake akipata hela anunue kiwanja Kange au Pongwe, huko pembeni ya mji, ajenge upya. Basi mimi ndio mmoja wa hao wasio na akili zao. Mimi na mume wangu tulinunua gofu Ngamiani kwenye hizi barabara za namba, huu mwaka wa tatu tunaishi humo, na nina la kusema.

Kiwanja tulikwenda kuangalia, sio kwamba tulikurupuka. Bei ni nafuu kweli lakini hapo hujachimba msingi, hujavuta maji, hujavuta umeme, halafu mume wangu kazi yake bandarini na saa nyingine anaingia usiku. Kutoka hapa anapanda baiskeli yake, kabla chai niliyommiminia haijapoa keshafika. Mimi fundi cherehani, wateja wangu wote wako Mgandini. Sasa tukalale Pongwe tunatafuta nini?

Nyumba yenyewe ya Kiswahili kabisa, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani nyuma, baraza mbele, kuta za mawe na udongo zilizopigwa chokaa, bati limekula kutu mpaka ukilala unaona nyota. Ilikuwa ya mirathi, warithi saba, mmoja yuko Mombasa. Dalali akataka tumalizane na kaka mkubwa tu, eti ndio mwenye sauti. Shangazi yangu akasema hela isitoke mpaka tuone karatasi ya mahakama ya msimamizi wa mirathi, na wote saba watie sahihi, tukaonekana wabishi lakini tulimsikiliza. Tulichosahau ni mita. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ile nyumba ilikuwa imefungwa hakuna anayenunua umeme, kwa hiyo deni lilikuwa limelala linatusubiri sisi. Siku ya kwanza nanunua umeme wa elfu kumi uniti zikaja kiduchu nikadhani nimekosea namba ya mita. Kaulizeni hilo kabla hamjalipa.

Haya, sasa kuta, maana hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Tulipoingia, ukuta wa chumba cha mbele chokaa ilikuwa imebanduka sehemu sehemu, udongo unaonekana. Fundi tuliyempata, kijana mzuri tu wa huku huku, akacheka, akasema dada hii chokaa ni mambo ya mabibi, tuondoe yote tupige lipu ya saruji, tupige rangi ya mafuta, utadhani nyumba ya Raskazoni kwa wenye nazo. Na Tanga hatuna shida ya saruji, kiwanda kiko Pongwe hapo. Tukanunua mifuko ishirini na mbili, mchanga gari mbili, hela yote tuliyoweka ya bati ikaishia ukutani. Ikapendeza haswa. Mama mkwe aliyekuwa anasema mwanawe kaoa kaenda kumweka mke gofuni alikuja akakaa sebuleni akapapasa ukuta akasema mashaallah.

Masika yalipokuja rangi ikaanza kufura kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Ukiitoboa kwa kidole maji yanatoka, na nyuma yake unga mweupe, ukilamba (nililamba, ndio) ni chumvi. Nguo kabatini zikapata ukungu, mtoto kifua hakiishi. Tukaita fundi akaja akakwangua akapiga lipu nyingine juu, nene zaidi. Vuli tukarudi pale pale, mpaka usiku mmoja tumelala tukasikia kishindo, kipande cha lipu kikubwa kama mlango kimeshuka kizima kizima juu ya cherehani yangu. Na nyuma ya kile kipande udongo ulikuwa umelowa tepetepe kama wa mfinyanzi. Ukuta ule ulikaa miaka na miaka na chokaa yake iliyobanduka na ulikuwa mkavu, sisi miezi kumi na nane tu tumeugeuza uji.

Tulipata mzee mmoja wa Makorora, alikuwa akipiga chokaa tangu kijana, siku hizi anauza kahawa. Alipofika hakusema kitu, alipita anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ngo ngo ngo, anasikiliza kama daktari. Akatuambia ukuta wa udongo na mawe unakunywa maji kutoka chini, kila siku, haujawahi kuacha kunywa, na ulikuwa unayatoa kupitia kwenye chokaa, jua likiwaka yanakwenda zake. Nyinyi mmeuvika koti la mvua ukiwa umeshalowa. Maji yanapanda, hayana pa kutokea, yanabeba chumvi, yanasukuma lipu mpaka yaing'oe.

Akatufundisha. Chokaa ya mawe yaliyochomwa, ambayo haijazimwa kwa maji, unaitoa hapo Amboni, haina bei ya kutisha, lakini huipigi siku hiyo hiyo. Unaizamisha majini kwenye pipa, inachemka yenyewe bila moto (kaa mbali, na macho yako yafunike), halafu unaiacha iive wiki kadhaa mpaka iwe laini kama siagi. Ukiharakisha zinabaki punje ambazo hazijaiva, zitavimba baadaye ukutani na kutema vidoa, kila kidoa tundu. Mchanga usiwe wa pwani, una chumvi. Unapiga tabaka jembamba, unasubiri, unanyunyizia maji isikauke haraka, unapiga jingine. Kazi ya fundi wa saruji ya siku mbili hii ilikula wiki tatu, mume wangu akawa saidia fundi akitoka zamu. Mimi nilikuwa nalala na mtoto chumba cha uani chini ya turubai na nilishasema mara nyingi narudi kwetu, tusidanganyane.

Masika ya mwaka huu ukuta huo ulipiga weusi chini kidogo wakati wa mvua, jua la wiki moja ukarudi mweupe. Basi.

Mhariri, nyumba nyingi za Ngamiani zilikuwa zimeshasimama kabla kiwanda cha Pongwe hakijaanza mwaka 1980. Zinazoanguka sasa zitazameni, nyingi zina kanzu ya saruji juu yake. Halafu tunasema udongo umechoka. Jirani yetu kavunja yake mwezi wa pili ili ajenge fremu za maduka, sina ugomvi naye, ni mali yake, lakini boriti za mikoko alikuwa anaziuza kuni, na siku hizi mikoko hukati bila kibali. Tulinunua kumi na moja nzima hazijaguswa na mchwa, na mlango wa mninga ambao watu wanne hawaubebi, elfu sitini.

Halafu baraza. Sisi tulitaka tulizungushie nondo tulifunge, mafundi walishapima. Kumbe baraza lilikuwa na wenyewe, wazee wa bao wamekaa pale tangu enzi za marehemu mwenye nyumba. Walikuja asubuhi wakakuta tepu na chaki, hawakugomba, wakakaa pale pale kwenye alama za chaki wakaendelea kucheza. Mume wangu aliona haya akawapa kahawa. Nondo hatukuweka. Wiki hiyo hiyo mmoja wao akaniuliza, mwanangu, kile kisima bado mnakitumia? Kisima gani? Akatupeleka uani akafukua chini ya bati la kuku, kiko hapo, kimejengwa kwa mawe, maji yake ya kufulia na kujengea. Tulikuwa tunanunua maji ya ndoo ya kuchanganyia lipu mwaka mzima tukiwa tumekanyaga kisima!

Ombi langu ni moja. Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi tuliowaita watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chokaa ya lipu, na mzee wetu macho yameanza kumsumbua. Halmashauri au chuo chochote kimchukue huyu na wenzake wachache waliobaki, wawalipe, wawafundishe vijana, kabla ya mtu kutuletea tingatinga. Sisi tumebakiza ukuta wa uani. Pipa la chokaa tumeloweka tangu mwezi uliopita, mzee anasema Jumamosi ijayo itakuwa imeiva. Kijana anayetaka kujifunza aje asubuhi, aulize hapo kwa wazee wa bao, ila aje na ndoo yake maana zetu mbili zimetoboka.

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga