Ruta mpya isitufanye tutupe vifaa vizima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hasara inayowapata wateja wa intaneti ya faiba hapa Nairobi kila ruta ya nyumbani inapobadilishwa. Mteja anapopandishiwa kasi, fundi huja na ruta mpya, hupima kasi kwa simu yake mwenyewe, huridhika na kwenda zake. Jioni ndipo wenye nyumba hugundua kwamba printa haionekani, kamera ya langoni imezima, na runinga ya zamani inakataa nenosiri ambalo simu zote zimelikubali. Wakipiga simu kwa kampuni, huambiwa kwamba vifaa vyao vimepitwa na wakati.

Jibu hilo mara nyingi si kweli, na linawagharimu watu pesa. Jirani yetu mmoja hapa Donholm, mama anayejipatia riziki kwa kuwachapishia watu fomu na vyeti, alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya printa nyingine kwenye maduka ya Luthuli Avenue, ilhali aliyo nayo haikuwa na kasoro yoyote. Printa hiyo, kama zilivyo kamera nyingi za bei nafuu na balbu zinazowashwa kwa simu, hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya gigahatzi 2.4 pekee. Ruta mpya hurusha masafa hayo pamoja na yale ya gigahatzi 5, na nyingi huyapa yote mawili jina moja, kisha zikaamua zenyewe kifaa kipi kitumie yapi. Kwa simu ya kisasa mpango huo hauna tatizo. Kwa kamera inayosajiliwa kupitia simu huweza kuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa programu nyingi za kamera hizo hutaka simu nayo iwe kwenye 2.4 wakati wa usajili, na jina likiwa moja mteja hana njia rahisi ya kuichagulia simu masafa. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuyapa masafa hayo majina mawili tofauti, walau hadi kifaa kikubali.

Jambo la pili, ambalo naona mafundi wengi hulipita haraka, ni aina ya ulinzi, yaani utaratibu ambao ruta hutumia kuhakiki nenosiri na kuficha mawasiliano. Ule uitwao WPA2 umekuwapo tangu 2004. Mrithi wake, WPA3, ilitangazwa mwaka 2018, na tangu Julai 2020 kila kifaa kipya kinachotafuta cheti cha Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni unaothibitisha vifaa vya Wi-Fi, sharti kiwe nayo. Ruta ikiwekwa WPA3 peke yake, kifaa kisichoijua hakiwezi kuingia hata nenosiri likiandikwa sawasawa, na ubaya ni kwamba kifaa chenyewe mara nyingi humwambia mteja kuwa amekosea nenosiri, basi naye huliandika tena na tena bila mafanikio. Ruta nyingi zina hali ya mseto inayokubali WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Baadhi ya vifaa vya zamani hutatizwa hata na mseto huo, na hapo ni afadhali kutumia WPA2 yenye AES (njia imara ya kuficha data), ambayo bado inafaa nyumbani mradi nenosiri liwe refu na lisilokisika. Simshauri mtu yeyote arudi kwenye WEP, ulinzi wa Wi-Fi uliotangulia hizo zote, kwa maana ulinzi huo ulivunjwa kitambo. Kifaa kisichojua chochote zaidi ya WEP, hicho kwa kweli ndicho kilichopitwa na wakati.

Wapo pia wenye vifaa walivyoletewa na jamaa zao kutoka Marekani. Vifaa vya soko hilo kwa kawaida hutumia chaneli, yaani vijia vilivyomo ndani ya masafa, ya 1 hadi ya 11 katika masafa ya 2.4, kwa hiyo ruta ikijichagulia ya 12 au ya 13, mtandao hutoweka kabisa kwenye orodha yao. Kuifunga ruta kwenye 1, 6 au 11 hutosha. Na wenye mashine ya kurekodia kamera za ploti wakumbuke kwamba aghalabu huwa imepewa anwani isiyobadilika, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni: ruta ya zamani ikiwa ilitumia anwani zinazoanza na 192.168.1 na mpya ikaja na 192.168.100, mashine hiyo hubaki imekwama hata kama imeunganishwa kwa waya, hadi anwani moja kati ya hizo mbili ibadilishwe.

Haya yote hurekebishika bila kununua chochote. Kinachoniudhi ni kwamba baadhi ya kampuni humfungia mteja mipangilio ya ruta, zikamnyima nenosiri la msimamizi, na papo hapo wahudumu wao wa simu hawajui masafa ya 2.4 ni nini. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Sioni vipi haki hiyo inatimizwa iwapo mteja haambiwi hata kwamba aina ya ulinzi imebadilika.

Naziomba kampuni hizo, na Mamlaka ya Mawasiliano inayozipa leseni, zimtake fundi aulize kuna vifaa gani nyumbani kabla ya kuing'oa ruta ya zamani. Aipe ruta mpya jina lile lile, nenosiri lile lile na aina ile ile ya ulinzi, kwani hilo pekee hurudisha vifaa vingi mtandaoni bila kuvigusa, kisha asiondoke kabla ya kuchapisha ukurasa mmoja na kuona picha ya kamera. Kwa wale ambao ruta zao zimeshabadilishwa, kampuni zinazoweza kuiwasha upya ruta ya mteja kutoka ofisini bila shaka zinaweza kumtenganishia masafa kutoka huko huko, siku hiyo hiyo anayopiga simu, bila kumtoza ada ya fundi.

Mkazi wa Donholm,
Nairobi