Barua ya wazi kwa rafiki aliyekwenda kununua urojo

Mwaisa, ugonile.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu WhatsApp najua utanijibu kwa vikatuni vitatu vya kucheka kisha ubadilishe mada. Jina lako halisi silitaji. Wanaokufahamu watakutambua kwa urojo, na wasiokufahamu hawana hasara.

Juzi saa tano usiku umenitumia video. Wanaume wawili wamekaa kwenye viti, mmoja ana gitaa dogo, mwenzake ameshika dude refu kama mchi uliochomekwa kwenye ngoma, na mbele yao Wazungu wanaruka kama waliomwagiwa maji ya moto. Chini yake umeandika: "Kaka, hawa jamaa ni balaa! Wamalawi hawa. Wewe unayejifanya mtu wa muziki, ulikuwa wapi siku zote?"

Nilikuwa Ngome Kongwe, Zanzibar, Mwaisa. Wewe ndiye ulikuwa Forodhani, ng'ambo ya barabara, umepanga foleni.

Hebu nikukumbushe. Ilikuwa Februari 2017. Mwaka uliotangulia tamasha la muziki la Sauti za Busara halikufanyika kwa kukosa fedha, na sisi tuliozoea kusema "tutakwenda mwakani" tangu tamasha lianze 2004 tukashtuka kwamba kumbe mwakani huwa inaweza isiwepo. Liliporudi tukachanga nauli, tukapanda boti, ukalala kuanzia Dar mpaka bandari ya Malindi, Unguja, huku mdomo wazi. Ulivaa fulana yako ya kijani, njano na nyekundu. Ratiba ya tamasha uliikunja mfukoni, na kwenye ratiba yote ile ulikuwa umezungushia kalamu jina moja tu: Rocky Dawuni.

Usije ukasema namponda. Yule Mghana alikuwa ametoka kuwania tuzo ya Grammy ya rege mwaka mmoja nyuma, na alipopanda jukwaani alifanya kila kitu ambacho msanii wa hadhi yake hufanya. Bendi imenyooka, sauti safi, watu wanaimba naye. Lakini nilikuwa nimeshamsikiliza kwenye simu wiki nzima, nikapata kilekile nilichokwenda kuchukua. Nilitoka nimeridhika kama mtu aliyelipwa deni lake. Shukrani ipo, mshangao haupo.

Sasa wale wawili.

Uwanja haukuwa umejaa. Watu walikuwa bado wanaingia mmojammoja, wakipiga picha kuta zile za mawe ambazo Waomani walizijenga baada ya kuwafukuza Wareno, na ambazo baadaye zilikuwa gereza, zikawa hata karakana ya reli. Unajua jinsi bendi kubwa inavyochukua muda kujipanga: fundi mitambo anahangaika na waya, mpiga kinanda analalamika hajisikii, ngoma inagongwa "tu, tu, tu" mpaka unachoka kabla muziki haujaanza. Ndipo ulipoinuka ukaniambia, "Nishikie nafasi, hapa bado sana, nakwenda kuchukua urojo." Nikakujibu niletee na mimi, kachori mbili. Hilo ni kosa langu, nakiri.

Hata getini sidhani ulikuwa umefika. Wakatoka wanaume wawili, wakaketi. Hakuna kinanda, hakuna dramu, hakuna tarumbeta. Mmoja, Yosefe Kalekeni, alikuwa na gitaa la nyuzi nne, na mbele ya mguu wake ngoma iliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Mwenzake, Yobu Maligwa, aliketi na hilo dude: babatoni. Shingo yake ndefu kuliko mtu, waya mmoja tu kuanzia juu mpaka chini. Mtangazaji akasema Madalitso Band, kutoka Lilongwe. Madalitso kwa Kichewa ni baraka. Kijana mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Bendi yenyewe inakuja saa ngapi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, sitakuficha.

Kicheko hakikudumu dakika mbili. Mguu wa Yosefe ulianza kugonga ile ngozi, pigo moja, sawasawa, kama mtu anayetwanga mahindi bila haraka. Gitaa likaingia juu yake na kifungu kifupi kinachojirudia, kinajirudia, mpaka unaanza kusikia vitu ambavyo pengine hata havipigwi. Halafu babatoni. Mwaisa, ule waya mmoja ulikuwa unasema! Haukai kwenye noti kama besi ya umeme. Unateleza kutoka noti moja kwenda nyingine, unaguna, unavuta, kama mzee anayekubali jambo kwa shingo upande. Na mngurumo wake huusikii masikioni. Uko tumboni.

Nimefikiria sana tangu siku ile kwa nini watu wawili waliweza kuwainua watu ambao bendi za watu kumi zilishindwa hata kuwatoa kwenye simu zao. Nadhani siri moja ni kwamba hapakuwa na pa kujificha. Kwenye bendi kubwa mmoja akichoka wenzake wanambeba. Pale mguu ukikosea, kila kitu kinaanguka, na wote wawili wanalijua hilo, na wewe mtazamaji unalijua, kwa hiyo mnashikilia pumzi pamoja. Siri ya pili ni kwamba nyimbo zao hazina haraka ya kwisha. Zimezaliwa barabarani. Hawa walikuwa wakipiga nje ya maduka Lilongwe, na mtu wa barabarani hapigi wimbo wa dakika tatu ili redio ifurahi. Anapiga mpaka mpita njia asimame, arudi hatua mbili, aingize mkono mfukoni. Walitufanya sisi wote wapita njia. Kila ukidhani wimbo umefika mwisho, Yobu anatabasamu, wanaitikiana tena kwa sauti mbili, na mguu unaongeza mwendo kidogo tu, kiasi cha kukufanya ushindwe kukaa.

Yule kijana aliyeuliza bendi inakuja saa ngapi nilimwona mbele kabisa, kavua shati.

Pembeni yangu alisimama mzee mmoja wa Kizanzibari, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, mikono nyuma. Alikuwa hachezi, anatikisa kichwa tu. Wimbo wa pili ulipokwisha akanigeukia akaniambia, "Hilo ni sanduku, mwanangu. Wao wamelitia shingo." Nikamuuliza sanduku gani, Bara hatuna hiyo. Akacheka, akanieleza kidumbaki kinavyokuwa harusini: vingoma viwili vidogo, fidla, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na besi ni sanduku la chai lililogeuzwa, limetiwa fimbo na kamba moja, mpigaji anaivuta fimbo kukaza na kulegeza. Taarabu ya watu wasio na uwezo wa kuita okestra, alisema, na ukiona bibi harusi anacheza kweli basi ujue ni kidumbaki, kwenye taarabu watu wanakaa vitini wanatunza. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo: kwamba yeye kaja kwa ajili ya mjukuu wake aliyetaka kuona "wasanii wa nje", na mjukuu kaenda Forodhani kula.

Nikamwambia hata mwenzangu.

Ulirudi, Mwaisa, wakati wanainama kuaga. Urojo umeganda, bhajia zimevimba, kachori yangu moja umekula njiani. Ukawaangalia wanavyobeba vyombo vyao wenyewe kushuka jukwaani, ukasema, nakunukuu, "Watu wawili tu? Bora nilikwenda kula." Nilipojaribu kukueleza ukaniambia nina njaa ndiyo maana naona maajabu. Safari nzima ya kurudi Dar ulikuwa ukinitania: "Bwana babatoni." Mpaka kwenye harusi ya dada yako uliwasimulia watu.

Halafu dunia ikawasikia. Jukwaa lile la Ngome Kongwe ndilo lililokuwa la kwanza kwao nje ya Malawi. Mwaka 2019 wakatoa albamu ya Wasalala kupitia lebo ya Bongo Joe ya Geneva, mwaka huohuo wakapiga kwenye tamasha la WOMAD huko Uingereza, na mwaka 2022 ikafuata Musakayike. Kwa hiyo hao Wazungu kwenye video yako wanaruka miaka mingi baada ya yule mzee wa kanzu kutikisa kichwa. Nami sidai kwamba nilijua. Nilidhani nimeona kitu kizuri ambacho kitaishia pale, na pengine ndiyo maana nilikitazama kwa makini namna ile.

Kuna mmoja wa tamasha lilelile ulimwona kwa macho yako, ingawa ulikuwa unachati: Sahra Halgan, yule mama wa Somaliland. Unakumbuka? Ulisema "Msomali huyo" kisha ukarudi kwenye simu. Mimi pia sikumtarajia. Nilidhani nitasikia kaswida au kitu cha taratibu cha kusindikizia chai. Badala yake kikaanza kigitaa kichafu cha Mfaransa mmoja, kinakwaruza kama bati linalovutwa kwenye kokoto, na juu yake sauti ya mwanamke isiyoomba ruhusa kwa mtu. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba wakati wa vita vya miaka ya 1980 alikuwa akiwahudumia majeruhi wa upande wa wapiganaji akiwa msichana mdogo, na dawa zilipokosekana aliwaimbia. Halgan si jina la ukoo, ni mapambano. Aliishi ukimbizini Ufaransa, akarudi Hargeisa akafungua mahali pa watu kuja kusikiliza muziki tena. Sikujua lolote kati ya hayo alipokuwa akiimba, na silijui neno la Kisomali, lakini alipopiga vigelegele katikati ya wimbo wa mwisho wanawake wa Unguja waliokuwa ukutani wakamjibu bila kuambiwa na mtu. Ndiyo tofauti ya muziki wa mubashara na wa kufuatisha sidi: sidi haijibiwi.

Nirudi kwako, maana barua ni yako.

Kinachoniuma si urojo. Kinachoniuma ni kwamba kati ya watu wote waliokuwa Unguja usiku ule, aliyepaswa kusimama mbele kabisa ni wewe. Nani alitengeneza gitaa la dumu la mafuta ya kupikia kule Kyela tukiwa darasa la tano? Nani aliifungua breki ya baiskeli ya babu ili achomoe nyuzi moja moja za waya, babu akashuka nayo mteremko bila breki mpaka kwenye migomba? Ulikuwa unapiga wewe, mimi nagonga beseni, na jioni akina mama wanaotoka shambani walikuwa wanasimama. Walisimama kweli, Mwaisa, na mizigo kichwani. Mpaka baba yako mkubwa aliposema hizo ni kazi za vilabuni, za watu wa pombe, akalitia dumu kwenye moto wa maharage. Lilinuka plastiki siku mbili. Hukulia. Ulisema maharage yameiva vizuri.

Huko kwetu mpaka ni mto Songwe tu. Wangonde wa ng'ambo na Wanyakyusa wa huku ni ndugu, tunasalimiana kwa lugha moja, na babatoni nalo halijawahi kuombwa pasipoti. Mbeya mjini kuna Wamwiduka Band, vijana waliokuwa wakipiga barabarani kwa vyombo vya kujitengenezea, babatoni likiwemo, nao baadaye walipanda Sauti za Busara vilevile. Hao ni watu wa kwenu kabisa. Ukiwa likizo umepita mbele ya vijana wa namna hiyo stendi mara ngapi ukikimbilia basi? Hata mimi nimepita, tena nimewahi kuongeza mwendo nisije nikaombwa hela.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu, na lako sasa ni hili: Februari unakuja au hauji? Ratiba sitakuonyesha, kalamu uiache nyumbani. Tunaingia geti likifunguliwa, tunakaa mpaka mafundi wakunje waya. Urojo tunakula mchana, pilipili na ndimu juu yangu.

Na kabla ya hapo, ukienda Kyela Krismasi, tafuta dumu la lita ishirini, lile la plastiki ngumu. Waya wa breki nimeshanunua, upo hapa mezani.