Injini yako isishushwe kwanza

Shoga yangu,

Za huko Dodoma? Sisi hapa Tanga wazima, joto tu ndilo linatumaliza. Ujumbe wako nimeusoma, na la kwanza ninalokuambia: hela ya injini ya mtumba usiitoe. Huyo fundi amesikia gari linatetemeka, akatamka injini imekufa, wala hajafungua hata plagi moja. Hukumu gani hiyo?

Jibu umelitoa mwenyewe, pale uliposema Toyota IST yako ilianza kumisi, yaani silinda moja kutochoma mafuta, kesho yake baada ya kuoshwa injini. Vijana wa kuosha magari wakishafungua boneti hupuliza maji ya presha kila pembe, ing'ae. Injini yako ni 1NZ, ina koili nne za kuzipa plagi umeme wa cheche, kila moja imekaa juu ya plagi yake ndani ya kishimo. Maji yakituama humo, umeme hupotelea pembeni badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Silinda hiyo haichomi mafuta, gari linabaki kuvutwa na tatu. Ndiyo maana gari likiwa limesimama injini inaunguruma tu, usukani unakutetemekea mikononi, na ukipata kilima linaishiwa nguvu.

Halafu ile taa ya injini. Ikiwaka ikatulia, nenda nayo taratibu hadi gereji. Ikiwa inapepesa kama ulivyosema, paki. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye katalisti, kile kisafisha moshi huko kwenye bomba la egzosi, na katalisti ikiharibika utaikumbuka bei ya koili kwa mapenzi.

Tafuta mwenye mashine ya kupimia asome kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo hadi P0304. Ya kwanza ni ile ya upande wa mkanda, upande wako dereva. Tuseme imetoka P0302. Msikimbilie dukani! Injini ikishapoa, fundi afungue boliti kwa spana namba 10, koili ya pili ahamishie ya tatu, ya tatu ije ya pili. Afute kodi, awashe, apime tena. Kodi ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu, nunua hiyo moja. Ikibaki P0302, koili ni nzima, wahamishe plagi kwa mtindo huo huo. Asikuuzie zote nne kwa mkupuo kabla ya hapo.

Koili ikichomolewa, chungulia kishimoni kwa tochi ya simu, usione aibu. Mkikuta maji, yapulizwe kwa upepo wa kompresa kabla plagi haijafunguliwa, la sivyo yataingia kwenye silinda. Mkikuta oili, gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, imechoka. Hiyo inabadilishwa injini ikiwa pale pale ilipo.

Hayo yote yakishindikana, apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwenye silinda zote nne. Iliyo chini amimine oili kidogo kwenye tundu la plagi, apime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi, ile sehemu ya juu ya injini, na hapo pia hufunguliwa hedi tu. Sasa niambie, fundi wako ameruka hatua ngapi?

Kuhusu lile swali lako la gari kuchemsha, sidhani kama inaingiliana na hili. Angalia kulanti, maji ya kupoozea injini, asubuhi gari likiwa la baridi, kifuniko cha rejeta usikiguse likiwa la moto. Ikiwa inapungua kila mara, kuna panapovuja, na kuongeza maji ya bomba kila siku ni kulea ugonjwa.

Nitumie namba ya kodi na picha ya plagi itakayotoka kwenye silinda hiyo. Nitaangalia kama imelowa petroli au ina oili. Fundi akinuna, mpe simu niongee naye. Mama msalimie sana, mwambie dagaa wake nimeshawanunua, natafuta tu mtu wa kumpa awalete.

Wako,
Shoga yako wa Tanga